Pumzi za Mkimbiaji wa Shela

Bahari ikishakupwa, ufuo wa Shela kisiwani Lamu, wa kilomita 12 hivi, huwa uwanja mzuri wa mbio. Mtu aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, hewa ya lita 6 hivi. Akikimbia kwa nguvu, pumzi hufika 40 hata 60, na hewa hupita lita 100.

Wengi hudhani anahema kwa kukosa oksijeni. Sivyo hasa. Misuli inapofanya kazi hutoa kabonidayoksaidi kwa wingi, asidi huongezeka kwenye damu, na ubongo, ukihisi hivyo, huamuru kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kiongeze kasi. Tena ubongo hausubiri: pumzi huanza kupanda mara tu miguu inapong'oka.

Mchanga mkavu ndio mtihani wenyewe. Kukimbia juu yake hula nguvu takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu. Ni afadhali kufuata mchanga ulioroa, pale mawimbi yanapoishia. Hewa ya Lamu ina oksijeni nyingi kuliko ya mji wa Iten, iliyo mita 2,400 juu ya bahari, lakini unyevu wake huzuia jasho kukauka. Mwili huchemka, na pumzi hupanda zaidi.

Anayeanza na akimbie kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Mwenye pumu asiiache nyumbani dawa yake ya kuvuta.