Kubana Data Bila Kupoteza Kitu: Mipangilio ya Enkoda kwa Takwimu za Kanda ya Ziwa

Mada kwa semina ya maafisa takwimu na watengenezaji wa programu, Mwanza



Ofisi nyingi hubana data kila siku bila kujua inabanwa vipi. Mfumo unasimikwa kwenye seva, maktaba ya kubana data inakuja nao, na enkoda inaachwa ifanye kazi kwa mipangilio iliyotoka nayo kwa mtengenezaji. Anayetaka faili liwe dogo zaidi hupandisha namba moja tu, ile ya kiwango cha ubanaji, kisha hulalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito. Hoja yangu leo ni kwamba kwa data tulizo nazo huku ziwani, namba hiyo ndiyo ya kuguswa mwisho. Tutangulize kamusi, dirisha, mpangilio wa baiti kabla enkoda haijazigusa, na alama ya uhakiki.

Nazungumzia ubanaji usiopoteza kitu pekee. Picha ya simu ikipunguzwa maelezo kidogo, jicho halioni. Uzito wa sangara uliopimwa mwaloni hauna uvumilivu huo: kilo 42 zikirudi 41, tumeharibu takwimu.

Maktaba tunazotumia zina asili moja. Mwaka 1977 Abraham Lempel na Jacob Ziv walionyesha jinsi ya kutambua kipande cha data kilichokwisha kupita na kukitaja kwa umbali na urefu wake, bila kukiandika upya. David Huffman alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1952, namna ya kuzipa biti chache alama zinazotokea mara nyingi. Phil Katz aliunganisha mawazo hayo mawili katika Deflate, na kuanzia 1995 zlib ya Jean-loup Gailly na Mark Adler ikaisambaza dunia nzima. Zstandard ya Yann Collet, iliyotolewa rasmi na Facebook mwaka 2016, inafuata njia hiyo hiyo kwa dirisha kubwa zaidi na hesabu mpya zaidi. Mifano yangu mingi itatoka humo, kwa sababu inamwachia mtumiaji mambo mengi ya kupanga mwenyewe.

Nianze na takwimu za uvuvi. Tanzania, Kenya na Uganda zinashirikiana kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, na kwa upande wetu TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo hapa Mwanza. Sensa ya uvuvi imekuwa ikifanyika tangu 2000, na kati ya sensa na sensa kuna upimaji wa mavuno mialoni. Karibu kila kitu hapo ni rekodi fupi fupi: mwalo, chombo, zana, aina ya samaki, kilo. Tuchukue rekodi mbili za mfano, niliziandika kwa ajili ya mada hii:

mwalo=Igombe;zana=makila;aina=sangara;kilo=42
mwalo=Kayenze;zana=makila;aina=sato;kilo=18

Rekodi ya kwanza ina baiti 45. Tafuta ndani yake kipande kinachojirudia. Kirefu kuliko vyote kina herufi 3 tu: "na=" iko kwenye zana na kwenye aina, "kil" iko kwenye makila na kwenye kilo, "lo=" iko kwenye mwalo na kwenye kilo. Basi. Enkoda ya familia ya Lempel na Ziv haina cha kushika hapo. Tena kila fremu ya Zstandard, yaani furushi moja la data iliyobanwa, ina gharama yake: baiti 4 za utambulisho, 1 ya maelezo ya fremu, 1 ya ukubwa wa asili, na 3 za kichwa cha bloku. Jumla ni 9. Rekodi ya baiti 45 ikipelekwa peke yake inafika ikiwa na 54. Ukitumia gzip hali ni mbaya zaidi, kwani kichwa na mkia wake ni baiti 18 kabla hujaandika chochote. Pandisha kiwango kutoka 3 hadi 19, hata 22, matokeo ni yale yale. Enkoda inatafuta kwa bidii zaidi kitu ambacho hakipo.

Sasa isome rekodi ya pili ukiwa umeishika ya kwanza. Kuanzia "e" ya mwisho ya Igombe na Kayenze, baiti 21 mfululizo zinafanana, hadi "sa" ya sangara na sato. Ongeza "mwalo=" na ";kilo=", sita kwa sita. Katika baiti 43 za rekodi ya pili, 33 zilikwisha kuonekana. Kilicho kipya ni baiti 10. Utajiri wa data zetu umo katikati ya rekodi na rekodi, na mipangilio ya enkoda inapaswa kuufuata huko uliko.

Njia za kuufuata ni mbili, na nashauri zitumike pamoja. Ya kwanza ni kukusanya rekodi za saa moja, au za boti zote zilizotia nanga asubuhi, na kuzibana kama kitu kimoja. Ya pili ni kamusi. Zstandard inaweza kufundishwa: unaipa rekodi nyingi za mfano, inachambua vipande vinavyojirudia na kuvihifadhi kwenye faili la kamusi, ambalo enkoda hulitumia kana kwamba ni maandishi yaliyokwisha kupita. Ukubwa wa kamusi usipotajwa, kikomo chake ni baiti 112,640. Kwa rekodi fupi kama hizi, kilobaiti 8 naona zinatosha kuanzia. Ushauri wa watengenezaji ni kwamba sampuli zote kwa jumla ziwe takriban mara 100 ya ukubwa wa kamusi. Kwa kilobaiti 8 hiyo ni kilobaiti 800, au rekodi 18,000 hivi za urefu tuliouona.

Sampuli hizo zitoke wapi? Swali hili ni la afisa uvuvi zaidi ya mtaalamu wa kompyuta, na ndiyo maana nimefurahi kuwaona nyote chumba kimoja. Ukifundisha kamusi kwa rekodi za juma la mbalamwezi, dagaa hawatakuwamo, kwa sababu wavuvi wa karabai hutoka siku za giza. Ukichukua rekodi za Kirumba peke yake, majina ya mialo ya Ukerewe na Sengerema yatakuwa mageni kwa kamusi. Chukua mwezi mzima wa mwandamo, mialo mikubwa na midogo, na zana zote kuanzia makila hadi migonzo.

Kuna jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Faili la kamusi hubeba ndani yake vipande halisi vya sampuli, herufi kwa herufi. Lifungue kwa programu yoyote ya kusoma maandishi, utaviona. Kwa kilo za sato si tatizo. Lakini Mwanza ni mji wa utafiti wa afya. Kuna hospitali ya Bugando, kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kuna utafiti wa muda mrefu wa Kisesa, wilayani Magu, ulioanza 1994. Anayefundisha kamusi kwa rekodi zenye majina ya watu, namba za simu au majibu ya vipimo, kisha akaisambaza kamusi hiyo pamoja na programu ya simu, amesambaza taarifa za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitajali kwamba zilijificha kwenye faili la kiufundi. Ondoeni utambulisho wote kwenye sampuli kabla ya kufundisha. Na data ya siri ibanwe kwanza ndipo ifumbwe, kwani iliyokwisha kufumbwa vizuri haibaniki.

Huenda mtu akauliza kwa nini tujisumbue na kamusi yetu wakati Brotli ya Google inakuja na yake tayari. Ni kweli inayo, yenye ukubwa wa takriban kilobaiti 120. Imejazwa maneno ya Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu, pamoja na vipande vya HTML na JavaScript. Kiswahili hakimo kwenye orodha hiyo. Kwa kurasa za wavuti Brotli inafaa sana. Kwa fomu za mwaloni zilizoandikwa Kiswahili, kamusi tutakayoifundisha wenyewe ndiyo itakayotujua.

Sasa dirisha, yaani umbali ambao enkoda inaruhusiwa kurudi nyuma kutafuta kinachofanana. Katika zlib mwisho wake ni kilobaiti 32. Katika Zstandard linafuata kiwango: hadi megabaiti 2 kwenye kiwango cha 3, ambacho ndicho cha kawaida, 8 kwenye 19, na 128 kwenye 22. Unaweza pia kulipanga mwenyewe kwa chaguo liitwalo windowLog bila kugusa kiwango. Hapa ndipo nakala rudufu za hifadhidata zinaponufaika. Ikiwa jedwali la leo linafanana na la wiki iliyopita na yote mawili yamo kwenye faili moja, lakini yameachana kwa megabaiti 100, dirisha dogo halitaona mfanano huo kamwe, na dirisha refu litauona hata kwenye kiwango cha chini.

Ila dirisha hulipwa na anayefungua. Anayebana anachagua ukubwa, na anayefungua analazimika kutenga RAM ya ukubwa huo. Angalieni xz kwenye kiwango cha 9: inataka takriban megabaiti 674 za RAM kubana na 65 kufungua. Kwa seva ya chuo si kitu. Kwa simu ya bei nafuu iliyo mikononi mwa mkusanya takwimu kisiwani Ukara, ni nyingi mno. Waraka wa kiufundi wa Zstandard, RFC 8878 wa 2021, unashauri dekoda ziweze kufungua madirisha ya angalau megabaiti 8, na mimi ningeufanya huo kuwa mpaka kwa chochote kinachokwenda kwenye simu. Ukivuka megabaiti 128, dekoda kwa mipangilio yake ya kawaida itakataa kabisa hadi iambiwe wazi kwamba inaruhusiwa.

Kuhusu data za vipimo nitakuwa mfupi. Ziwa letu limekuwa likipimwa samaki kwa mwangwi tangu 1999, na vifaa kama Simrad EK60 huandika nguvu ya mwangwi kwa namba za biti 16. Kila namba ina baiti mbili: ya juu hubadilika polepole, ya chini hurukaruka. Zikiachwa zimepishana, ile tulivu inafichwa na yenye fujo. Ukiziweka data kwenye miundo ya faili kama HDF5 au netCDF, washa kichujio cha kupanga baiti upya, ambacho hukusanya za juu pamoja na za chini pamoja, kisha bana kwa kiwango cha wastani. Vipimo vya kina cha ziwa, ambavyo Jinja vimeandikwa tangu 1896, hupenda mbinu nyingine: hifadhi tofauti ya leo na jana, kwa sababu maji hayapandi mita kumi kwa usiku mmoja. Kazi hiyo inafanywa kabla ya enkoda, na hakuna kiwango cha ubanaji kitakachoifidia isipofanyika.

Mwisho ni alama ya uhakiki, na hapa nawaomba watengenezaji wa programu wanisikilize kwa makini. Ukitumia Zstandard kwa kuandika amri, alama hiyo huwekwa bila kuombwa. Ukiiita maktaba kutoka ndani ya programu yako, chaguo la checksumFlag linakuja likiwa limezimwa. Maktaba ni ile ile, tabia ni mbili. Alama ina baiti 4 tu kwa fremu. Kwa faili linalosafiri kwa flashi kutoka Nansio, au kwa mtandao unaokatika katikati, baiti hizo ndizo zitakazokuambia kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa. Vivyo hivyo namba ya kamusi: inaweza kuzimwa ili kuokoa baiti 4 nyingine. Msiizime. Siku mtakapokuwa na kamusi ya tatu au ya nne, namba hiyo ndiyo itakayowaonyesha ni ipi ya kufungulia.

Naomba basi kila ofisi iliyowakilishwa hapa ichague seti moja ya data zake na ipime vitu vitatu juu yake: ukubwa uliobaki, muda wa kubana, na RAM ya kufungulia kwenye kifaa dhaifu kuliko vyote kitakachohusika. Andikeni mipangilio mtakayoichagua kwenye waraka mmoja pamoja na toleo la maktaba, na hifadhini nakala za kamusi mahali pawili. Kisha, kabla hamjafuta faili lolote la asili, lifungueni lililobanwa kwenye kompyuta nyingine na mlilinganishe na asili yake baiti kwa baiti.