Tulivyoiandika Upya Njia ya Bugarama



Tumepewa dakika chache tueleze jinsi masomo ya chuo yalivyotubadilisha sisi tunaoandika. Tunasema kama kundi, maana tulisoma kama kundi, mara nyingi chini ya taa moja.

Wengi mnakumbuka kwamba mwaka 2015 Kepler ilianzisha masomo ya chuo hapa Kiziba, shahada zikitolewa na Southern New Hampshire University ya Marekani. Kabla ya hapo tulikuwa tayari waandishi kwa maana ya kambini, yaani waandishi wa barua. Mwenye shida na kadi yake alitujia na karatasi, nasi tukaanza: "Kwa heshima na taadhima, na kwa moyo uliojaa majonzi yasiyo na kifani..." Zikajaa kurasa mbili. Barua ikiwaliza majirani tuliihesabu kuwa nzuri. Kama ilijibiwa, hatukuuliza.

Chuoni hakukuwa na alama za kumi wala ishirini. Kila kazi ilirudi na neno moja kati ya mawili: umemudu, au bado. Hiyo "bado" ilituuma sana mwanzoni. Tena ilikuja na maswali: Nani? Lini? Umejuaje? Tulidhani wasahihishaji hawana huruma.

Siku moja tuliandika insha juu ya mama mmoja wa mtaa wetu, aliyevuka kutoka Kamanyola kuingia Bugarama mwezi Juni 2004, wakati wa vita vya Bukavu. Tuliandika kwa Kiingereza kwamba alipanda vilima vya Rusizi akilia, na watoto wake watatu. Insha ikarudi: umemudu. Kwa furaha tukaenda kumsomea, tukiigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari.

Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Wanangu, vilima gani hivyo? Ninyi mmeshafika Bugarama?"

Hatukuwa tumefika. Bugarama ni tambarare ya mto Rusizi, katika sehemu za chini kabisa za Rwanda, na joto lake, alisema, ni kama la Uvira. Vilima alivitazama kwa mbali. Miguuni pake ulikuwa mpunga, huku na huku. Tena siku zile Rusizi lilikuwa jina la mto. Mkoa uliitwa Cyangugu, na Wilaya ya Rusizi ilikuja na mageuzi ya mwaka 2006. Wala hakulia. Hakuwa na nafasi ya kulia, kwa sababu alikuwa akihesabu watoto, na watoto walikuwa wanne. Wa nne alikuwa wa marehemu dada yake, mwenye miaka minne. Mtoto huyo alipoona vumbi la kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kazi mwaka 1984, alidhani ni moshi, kwamba vita vimewatangulia, akaketi chini akakataa kutembea. Mwanamke mwenyeji akamwita kwa Kiswahili, akampa maji. "Hapo ndipo nilipojua tumefika kwa watu," mama alisema.

Kisha akatuuliza, kwa upole, kwa nini tumemwacha yule wa nne mara ya pili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2011. Sisi wenyewe tulimwandikia barua ya kuomba mtoto huyo aingizwe kwenye kadi. Majonzi yalikuwamo tele. Jina kamili la mtoto, mwaka aliozaliwa, jina la mama yake mzazi na mahali walipovukia havikuwamo. Ofisi iliyopokea haikujibu, nasi tukailaumu ofisi.

Tukaandika barua nyingine mwaka 2018, mistari tisa. Mama alitusahihisha mara tatu kabla haijatoka mkononi mwetu. Safari hii waliitwa kuhojiwa, yeye na kijana, na jina likaingia. Kijana alikuwa na miaka 18. Miaka yote ile alikula mgao wa nduguze watatu.

Hatusemi kwamba maneno mazito ni dhambi. Wako kati yetu wanaoyapenda hadi leo, na wakitunga mashairi hatuwakatazi. Lakini chuo kilitufundisha kuuliza, na hata hivyo kilipitisha insha yenye watoto watatu, maana msahihishaji hakuwa na njia ya kujua. Anayejua ni mwenye habari. Siku hizi hatupeleki karatasi popote kabla hajasomewa, kwa lugha anayoielewa, huku kalamu ikiwa wazi.

Ile insha tuliiandika upya kwa Kiswahili. Nakala anayo mama mwenyewe, ameiweka katika bahasha moja na kadi.

Wanaotaka kuandikiwa barua waje Jumamosi mchana kwenye ofisi ya Kamati. Waje na kadi zao, na kama wanaye mtu mliyevuka naye, aje pia.