Joto la Dar lisikufungie mizigo

(Maandishi ya mazungumzo ya wiki yaliyotangazwa redioni Jumapili iliyopita)



Juzi jioni nilikuwa nimekaa barazani napunga upepo, vifungo vya shati nimevifungua vyote, maana ijapokuwa tumeingia mwezi Juni, jiji hili la Dar es Salaam lilikuwa bado halijaamua kupoa. Akaja kijana wa jirani yangu. Shikamoo mjomba. Marahaba. Akazunguka kidogo, akauliza hali ya watoto, akausifu mwembe wangu ambao mwaka huu haukuzaa hata embe moja, kisha akatoa lililomleta. Alitaka kuazima sanduku langu kubwa. Amepata kazi Dodoma, anaondoka Jumatatu kwa treni, na masanduku yake mawili yamekwisha kujaa.

Nikamwuliza, "Una sweta?"

Akacheka. "Mjomba, mimi nakwenda Dodoma, siendi Ulaya."

Sikumpa sanduku. Najua aliondoka akisema moyoni kwamba mjomba siku hizi amekuwa mchoyo. Pengine hata na wewe msikilizaji unasema hivyo. Lakini nina sababu yangu, nayo ina miaka mingi.

Mwezi Mei mwaka 2009, nikiwa nimemaliza tu stashahada yangu ya uandishi wa habari, nilipanda treni ya TAZARA daraja la tatu kwenda Makambako, ili kutoka hapo nipande basi hadi Njombe kwa shangazi yangu. Nilikuwa sijamwona tangu nikiwa shule ya msingi. Sasa nakwenda nikiwa mtu mzima, msomi, mtangazaji mtarajiwa. Unafikiri nilikwenda na begi moja? Nilikwenda na sanduku kubwa, begi la mgongoni na mfuko wa Rambo, ile mifuko ya plastiki tuliyoitumia kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019. Ndani ya sanduku kulikuwa na suti nyeusi, jozi tatu za viatu, mashati sijui mangapi, pasi ya umeme, sukari kilo tano, na pakiti kumi za majani ya chai. Naam, majani ya chai! Nilikuwa nayapeleka Njombe, ambako chai inalimwa. Inawezekana kabisa majani yale yalikuwa yanarudi nyumbani kwao.

Na sweta? Sweta lilikuwamo. Shangazi alikwisha kunionya. Lakini nilipolishika siku ile chumbani kwangu Temeke, jasho likinitiririka, niliona kama nimeshika kitu cha dhihaka. Nikalitupa chini kabisa ya sanduku, na juu yake nikaweka viatu.

Hapo ndipo lilipo kosa letu wakazi wa pwani. Tunafunga mizigo kwa hali ya hewa ya mahali tunapotoka. Joto la chumbani ndilo linalotuchagulia nguo, nalo halijui tuendako.

Reli ile, ndugu msikilizaji, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka baharini hapa hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Saa nyingi za mwanzo inapita nchi ya chini yenye joto: inakatiza mbuga ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, inaingia bonde la Kilombero, Mang'ula, Ifakara, hadi Mlimba. Baada ya Mlimba ndipo inapoanza kupanda. Hapo ni madaraja na mahandaki, milima upande huu na makorongo upande ule, mpaka Makambako, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kilele chenyewe kiko Uyole karibu na Mbeya, mita 1,789. Wataalamu wa hali ya hewa wanatuambia kwamba kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Piga hesabu mwenyewe. Halafu ongeza ukungu, na ongeza upepo wa Makambako, ambao aliyewahi kushuka pale hahitaji kuelezwa. Ongeza pia kwamba Mei ni mwezi wa kigeugeu nyanda za juu: mvua zinaaga lakini hazijaondoka, asubuhi huoni mkono wako, mchana jua linachoma, jioni manyunyu.

Sasa treni yetu iliondoka Dar es Salaam alasiri. Madirisha yote wazi, watu vifua wazi, wauza maji wanafanya biashara. Mkabala nami alikaa mama mmoja kijana na binti yake wa miaka miwili hivi, amevalishwa gauni jipya lisilo na mikono, lenye marinda, ili bibi na babu wamwone amependeza. Pembeni yake mzee mmoja mwenye kibegi cha turubai ambacho hata ukikijaza mahindi hakifiki debe. Nakiri nilimdharau kidogo. Nilidhani hana kitu.

Tukalala. Tulipita Mlimba usiku mkubwa. Nilizinduliwa na baridi, nayo haikuwa baridi ya kujikunyata tu, ilikuwa imeshika magoti. Nje giza totoro, treni inapanda polepole kama mtu aliyebeba gunia. Mtoto alikuwa analia kilio kile cha chini, kisichokuwa na nguvu, na mama yake amemfunika kwa khanga yake mwenyewe, yeye amebaki na blauzi.

"Mama, huna blanketi?"

"Ninalo, kaka. Liko kwenye shangazi kaja, pale."

Nikatazama pale alipoonyesha. Ule mfuko wake mkubwa wa mistari ulikuwa kweli pale, kwenye kona ya mizigo. Juu yake kulikuwa na sanduku. Sanduku lilikuwa langu. Na juu ya sanduku kulikuwa na magunia ya watu, na mbele ya magunia vijana wawili wamelala sakafuni, na mmoja wao kichwa chake kiko kwenye mguu wa mwenziwe. Nililipandisha mwenyewe pale Dar es Salaam, nikisaidiwa na watu wawili, na kwa majivuno kabisa. Kulishusha katika giza lile, behewa likiyumba, ilikuwa haiwezekani.

Nilifanikiwa kusogeza gunia moja na kufungua zipu ya kifuniko nusu, nikaingiza mkono. Nikapapasa. Kiatu. Kiatu. Pakiti ya chai. Kiatu.

Yule mzee alikuwa ananitazama. "Mwanangu, unatafuta nini?"

"Sweta, mzee."

"Sweta unaliweka kama mtu anayeficha fedha?"

Yeye tayari alikuwa amevaa la kwake. Wala sikumwona akilivaa. Lilikuwa juu kabisa ya kibegi chake, amenyoosha mkono amelichukua, basi. Akatoa na shuka zito, akampa yule mama. Mimi nilichoweza kukifikia ni koti la suti, lililokuwa limetandazwa juu ili lisikunjike. Tukamvingirisha mtoto ndani ya koti, tukamfunika na shuka juu pamoja na mama yake. Alitetemeka muda mrefu, ndugu msikilizaji. Nilikaa nikimsikiliza, na kila alipotulia niliogopa zaidi kuliko alipokuwa analia. Ilipopambazuka, katikati ya ukungu, alifumbua macho, akaomba chai, na ndipo tulipogundua kwamba suti yangu ya kisomi alikwisha kuikojolea. Sijawahi kufurahia mkojo kiasi kile.

Mzee yule, nilikuja kujua asubuhi hiyo, alikuwa kibarua wakati reli inajengwa, sehemu hizo hizo za Mlimba kupanda juu. Alikwenda kijana wa pwani, akaonja baridi kambini, na tangu siku hizo alijifunza namna ya kufunga mzigo. Nilimwomba anionyeshe kibegi chake, akacheka, akakifungua.

Kulikuwa na suruali moja na mashati mawili mbali na aliyovaa, na jozi tatu za soksi. Hakuwa na viatu vingine ila ndala, kwa sababu viatu vya kufunika alikuwa amevivaa, na alisema viatu ndivyo vinavyomtia mtu uzito bure. Kulikuwa na jaketi la mvua jepesi, limekunjwa dogo kama mkate wa boflo. Kila kitu kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni ndipo kikaingizwa kwenye turubai, ili mvua ikinyesha stesheni nguo zisilowe. Na mfuko mmoja mtupu, umekunjwa chini. Wa nini? "Wa kurudia," akasema. "Ukienda Njombe unarudi na viazi." Mimi nilikuwa nimejaza kila nafasi, na kweli wakati wa kurudi shangazi alinipa debe la viazi na maharage nikashindwa pa kuyaweka. Yale niliyoyabeba kwa ajili ya kuonekana yalichukua nafasi ya yale niliyopewa kwa upendo.

Naomba nikae kidogo kwenye sweta, maana hapo ndipo watu wanapokosea hata wakikumbuka. Mtu akisikia baridi anatafuta koti moja zito kama la mlinzi wa usiku. Likilowa halikauki, na mchana jua likitoka analibeba mkononi kama mtoto. Nguo mbili nyembamba zinashinda moja nene, kwa kuwa hewa inayokaa katikati ndiyo inayotunza joto la mwili, na ukisikia joto unapunguza moja. Shati, sweta la sufu, na jaketi la kuzuia upepo na manyunyu. Sufu nayo ina sifa yake: hata ikipata unyevu bado inakupa joto, lakini fulana ya pamba ikilowa inakunyonya joto. Suruali ya jinzi iache, au ivae hiyo moja tu. Ikinyeshewa leo, kesho bado mbichi.

Na vitu hivi si vya matajiri. Nendeni Karume kwenye mitumba. Sweta zuri la sufu hapa Dar es Salaam linakaa kwenye fungu kama yatima, kwa kuwa mnunuzi wake ni nani? Hata yale majaketi mepesi yenye kofia tunayoyapita pale bila kuyatazama yalishonwa kwa ajili ya majira ya kuchipua huko Ulaya, pale ambapo kwa siku moja mtu anaonja jua, mvua na upepo. Mei ya Makambako si ngeni kwa jaketi la namna hiyo.

Ukisahau yote hayo, chukua gazeti. Sisemi hivi kwa kuwapendelea wanaochapa mazungumzo haya. Karatasi mbili tatu za gazeti zikiwekwa kifuani chini ya shati huzuia upepo vizuri sana. Ila lisome kwanza.

Lipo jambo la vifurushi. Tangaza tu kwamba unasafiri, uone. Mwenye simu ya kumpelekea kaka yake, mwenye viatu vya mwanafunzi, mwenye kopo asilokwambia lina nini. Kukataa ni vigumu kwetu, najua, na wakati mwingine kifurushi hicho ndicho dawa ya mgonjwa. Kipokee hicho. Lakini sukari inauzwa Njombe, na Dodoma pia. Mpe mtu fedha zake akanunue huko, au chukua vitenge viwili, ni zawadi ya heshima na ni vyepesi, na njiani kitenge kinakuwa shuka, pazia na taulo.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Treni anayopanda ni hii ya reli ya kisasa iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Hakuna ukungu ndani ya treni ile, lakini kuna kiyoyozi, na nimekwisha kuona abiria wa fulana wakijikunja kama vifaranga hawajafika hata Morogoro. Na Dodoma ambako anadhani ni jua tu iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, pamoja na upepo. Atachomwa na jua saa nane mchana, na saa kumi na moja alfajiri atatafuta pa kujificha.

Jana mama yake alinipitia. Akauliza kama ni kweli nimemnyima mwanawe sanduku. Nikasema ni kweli, dada. Akavuta pumzi, akasema afadhali, maana yeye ndiye angekuwa anasaidia kulibeba hadi stesheni.

Nilimpa sweta langu lile la Njombe ampelekee. Limepauka viwiko, lakini ni sufu. Amenihakikishia kwamba kijana amelipokea na ameshukuru. Ameliweka wapi ndani ya mzigo, hilo sikuambiwa.