WEMA HAUOZI
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kila mwaka daftari letu la fedha huonyesha shilingi zilizotumika kwa sanda, jeneza, na gari la kumrudisha ndugu kwao. Wapo waulizao: Je, hiyo si hasara? Naomba kuwajibu kwa habari ya watu wa mbali.

Mwaka 1861 dhahabu ilionekana Otago, kusini mwa Nyuzilandi. Kuanzia mwaka 1866 Wachina wa jimbo la Guangdong wakaenda kuichimba. Hawakupendwa. Mwaka 1881 kila Mchina aliyeingia alitozwa kodi ya pauni 10, na mwaka 1896 ikapandishwa hata pauni 100. Waliokufa walizikwa katika makaburi madogo ya machimboni, mara nyingine upande wa peke yao, kama pale Lawrence. Lakini kwa desturi yao, mfu aliyelala ugenini hana wa kumsafishia kaburi wala wa kumtolea sadaka.

Basi wakaunda chama mfano wa hiki chetu, jina lake Cheong Sing Tong, wakachanga fedha. Mwaka 1883 walirudisha kwao mabaki ya watu 230. Mwaka 1902 wakafukua tena, katika makaburi ya mahali 40 hivi, wakapakia mabaki ya watu 499 katika meli Ventnor. Miongoni mwao alikuwamo Choie Sew Hoy, mkuu wa chama hicho, aliyefariki mwaka 1901. Meli ikagonga mwamba, ikazama karibu na Hokianga, na watu 13 wakafa maji.

Je, mchango ule ulipotea? Hasha! Mifupa iliyoletwa pwani na mawimbi ilizikwa na Wamaori, wenyeji wa huko, katika ardhi yao wenyewe. Hawakujua majina ya wafu wale wala dini yao. Walijua tu kwamba ni watu. Wakawasimulia watoto wao, hata baada ya miaka mia na zaidi wajukuu wa wachimbaji wakaenda kushukuru. Na mwaka 2021 ukumbusho ukazinduliwa Opononi.

Wazee wangu, wema hauozi. Naomba mkutano huu ukubali mambo mawili: kila tunayemzika, jina lake na kijiji chake viandikwe daftarini, na siku moja kila mwaka twende sote tukafyeke majani katika makaburi ya wasio na jamaa.