Bei Tusiyoulizwa



Sisi tukaao Nairobi twapita Marikiti mara nyingi, na bei ya gunia la viazi twaijua. Wazazi wetu nyumbani huuza viazi hivyo hivyo shambani, kwa dalali atajaye bei peke yake. Akisema soko limejaa, hawana la kulipimia neno lake. Huuza upesi, wakichelea viazi visioze. Hatusemi kila dalali ni mwongo, maana gharama ya lori na hatari za njiani ni juu yake.

Pwani ya Kerala, nchini India, wavuvi walikuwa wakimwaga dagaa waliokosa mnunuzi, hali ufuo wa jirani wanunuzi walikosa samaki. Simu za mkononi zilipofika, kati ya 1997 na 2001, wakaanza kuuliza bei wangali baharini. Uchunguzi wa Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa faida yao ilipanda kwa 8 katika mia, bei kwa walaji ikashuka kwa 4, na umwagaji ukakoma.

Simu sisi twazo. Twaomba wanachama wawili wateuliwe leo, waulize bei alfajiri na kuipeleka nyumbani kabla lori halijafika.