Mzazi Mwanafunzi na Taratibu za Ofisi za Elimu ya Juu: Hali ya Ngara na Biharamulo



Nia ya mada hii, katika semina hii ya walimu na maofisa wa elimu, ni kulitazama jambo ambalo aghalabu huzungumzwa kwa manung'uniko na kwa nadra hujadiliwa kwa makini, nalo ni hali ya mtu mzima, mwenye kazi, ndoa na watoto, anayeazimu kurudi chuoni kutafuta shahada ya uzamili, akakuta kwamba masomo yenyewe hayamchoshi kama zinavyomchosha ofisi zinazoyatangulia. Hoja yangu ni kwamba taratibu za ofisi hizo zilitungwa kwa kumkadiria mtu anayeishi karibu na lango la chuo, asiye na mtoto wa kumlea wala mgonjwa wa kumwuguza. Na maadamu ndivyo ilivyo, kumwusia mzazi avumilie hakutoshi, bali taratibu zenyewe zapasa kurekebishwa.

Mzazi kuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu si jambo geni nchini mwetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilielekeza kwamba vijana wasiingie Chuo Kikuu mara tu wamalizapo sekondari, bali kwanza wafanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili. Hivyo madarasani wakaingia watu waliokwisha kuonja majukumu ya kazi na ya nyumba. Walakini sharti hilo, ambalo katika maandishi liliwahusu wote sawasawa, liliwaelemea wanawake kuliko wanaume, kwa sababu miaka ile ya kungoja ndiyo iliyokuwa miaka ya kuolewa na kulea, na idadi yao chuoni ikapungua hata Serikali ikawaondolea sharti hilo mwaka 1976. Kisa hiki chatufunza mambo mawili: kwamba kanuni iliyo sawa katika karatasi yaweza kuwa nzito kwa mmoja na nyepesi kwa mwingine, na kwamba madhara yake yakidhihirika, wenye mamlaka wanao uwezo wa kuibadili.

Faraja kubwa kwa watu wa wilaya zetu za Ngara na Biharamulo ilikuja na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kwani mwalimu wa Rulenge au wa Nyakahura aliweza tangu hapo kusoma bila kuiacha kazi wala watoto wake. Lakini kituo cha chuo hicho mkoani Kagera kiko Bukoba, na atokaye Ngara kwa basi kupitia Lusahunga, Biharamulo na Muleba hutumia sehemu kubwa ya siku barabarani. Akiambiwa kwamba mhusika hayupo, arudi Jumatatu, atalazimika kulipa nauli mara ya pili, kuomba ruhusa kazini mara ya pili, na kumwomba jirani amtazamie watoto mara ya pili. Kwa aliyepanga chumba mjini, neno hilo ni usumbufu wa saa moja tu.

Mlolongo wenyewe tunaujua. Mwalimu anayetaka ruhusa ya masomo huandika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule na Afisa Elimu, nayo hukubaliwa ikiwa jina lake limo katika mpango wa mafunzo na bajeti inaruhusu. Chuo nacho hudai vyeti vilivyothibitishwa na wakili au hakimu, hati ya matokeo ya shahada ya kwanza, na barua za wadhamini. Akifika kwenye utafiti, barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi, hata ikamfikia Mtendaji wa Kata na wa kijiji, ijapokuwa kijiji chenyewe huenda ndicho anachofundisha mtafiti huyo kila siku. Sikatai kwamba kila muhuri una sababu yake, kwani wananchi wana haki ya kujua ni nani anayewahoji. Ninalosema ni kwamba hakuna mwenye dhamana ya kuhesabu muda unaopotea baina ya muhuri mmoja na mwingine.

Mzigo huu humzidia mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Lakini likizo hiyo humfunga mwajiri, haikifungi chuo, ambako yampasa aandike barua nyingine ya kuahirisha masomo, naye asipoiwasilisha kwa wakati hujiweka katika hatari ya kuhesabiwa kuwa ameacha.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, Afisa Utumishi wa kila Halmashauri abandike hadharani hatua za kuomba ruhusa ya masomo, pamoja na muda ambao kila ofisi haina budi kujibu. Pili, vyuo vipokee nakala zilizothibitishwa mara moja tu na kuzihifadhi, na kituo cha Bukoba kiwe na siku zilizotangazwa za kuwahudumia wanafunzi Ngara mjini na Biharamulo mjini. Tatu, uzazi na ugonjwa wa mtoto viandikwe waziwazi katika kanuni kuwa sababu halali za kuahirisha masomo bila kutozwa ada upya. Nne, linatuhusu sisi wenyewe: tuombe mapema kabla bajeti haijafungwa, tusiiache barua ofisini bila kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na tupatane na wenzi wetu juu ya malezi kabla ya kulipa ada.

Ndugu Mwenyekiti, mwalimu aliyesoma huku akilea huirudisha elimu yake papa hapa, kwa watoto wa Ngara na Biharamulo. Naiomba semina hii iyaandike mapendekezo haya katika maazimio yake na kuyapeleka kwa Wakurugenzi wetu wawili na kwa vyuo, kisha iteue wajumbe watakaofuatilia majibu hadi yapatikane.