Baada ya Fulana na Mabango: Elimu ya Pombe Vyuoni Ianzie Wapi?



Nimeombwa nizungumzie uhamasishaji kuhusu pombe katika vyuo vyetu. Wengi wetu tunaijua siku ya uhamasishaji inavyokwenda. Fulana zinagawiwa, daktari anaonyesha picha ya ini lililosinyaa, mgeni rasmi anahutubia, soda zinanywewa, watu wanatawanyika. Jioni ile ile grosari za nje ya geti zimefurika, na baadhi ya fulana zetu zimo humo. Hoja yangu ni kwamba siku hiyo peke yake haibadilishi unywaji, na fedha zake zina mahali pazuri zaidi pa kwenda.

Mwaka 2015 taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti ulevi, NIAAA, ilitoa mwongozo uitwao CollegeAIM, unaopanga mikakati ya vyuo kufuatana na nguvu yake. Kutoa taarifa za madhara bila jambo jingine kuliwekwa upande wa mikakati isiyofanya kazi. Hilo halinishangazi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua pombe inaua ini, ila ini litaugua miaka mingi ijayo, na bumu la mkopo limeingia leo.

Si kila cha kwao kinatufaa. Marekani umri wa kunywa umekuwa miaka 21 tangu sheria ya 1984, na vyuo vyao vinategemea sana kusimamia mpaka huo. Kwetu Tanzania ni miaka 18. Karibu kila aliyeketi kwenye ukumbi wa mihadhara anaruhusiwa na sheria, hivyo tukimwendea kwa lugha ya katazo tutakuwa tumempoteza kabla ya sentensi ya pili.

Tumwendee kwa hesabu. Kipimo kimoja cha pombe, kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ni gramu 10 za pombe halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu zipatazo 20, yaani vipimo viwili. Mwili huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa, na supu ya asubuhi haiuharakishi. Kuzimua ndiko kabisa, maana ni kuongeza deni. Anayeanza saa nne usiku na kunywa bia sita ana vipimo 12. Saa mbili asubuhi, jaribio linapoanza, pombe bado imo. Mwambie hivyo mwanafunzi anayeogopa kufeli na kudisko, naye atauliza maswali ambayo picha ya ini haikuwahi kuyaibua. Tuongeze pia kwamba mwanamke na mwanamume wenye uzito sawa wakinywa sawa, kwa kawaida mwanamke ndiye atakayekuwa na pombe nyingi zaidi katika damu, kwa kuwa mwili wake una maji kidogo zaidi.

Kisha tupime. Kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Alama 8 na kuendelea ni ishara ya unywaji wa hatari. Toleo lake la Kiswahili limekwisha kufanyiwa utafiti Moshi, miongoni mwa majeruhi waliofika Hospitali ya KCMC, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kubuni fomu zetu. Zahanati ya chuo inaweza kulitumia kwa kila mwanafunzi anayekuja, hata kama amekuja kwa malaria. Mwenye alama za juu akae na mshauri mara moja au mbili, faraghani, bila kuhubiriwa: anakunywa kiasi gani, kinamgharimu nini, yeye mwenyewe angependa kubadilisha nini. Mtindo huu ulikuzwa na Alan Marlatt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, na CollegeAIM imeuweka miongoni mwa mikakati yenye nguvu. Majibu yakivuja hata mara moja na kufika kamati ya nidhamu, mpango umekufa.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwenye nidhamu. Kanuni nyingi za hosteli zinamtishia aliyelewa kwa adhabu. Matokeo yake ni kwamba mwenzao anapozima usiku wa kula bata, wanafunzi hawamwiti mlinzi wala mlezi. Wanamlaza chali, wanamfunika, wanasema atalala itaisha. Anaweza kutapika na kupaliwa, au kupumua kukafifia huku wenzake wakilala. Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha mwaka 2002 utaratibu wa msamaha: anayeomba msaada wa tiba kwa ajili ya mlevi haadhibiwi, wala huyo mlevi, bali hupelekwa kwa mshauri. Simu za kuomba msaada ziliongezeka. Wapo watakaosema tunawalea walevi. Nawauliza, kanuni yetu ya sasa imemzuia nani kunywa? Ilichokizuia, ninavyoona, ni simu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afundishwe mambo matatu: mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, piga simu. Na chuo kiweke kwa maandishi kwamba hataadhibiwa kwa kufanya hivyo.

Jambo la mwisho liko nje ya kichwa cha mwanafunzi. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, haikumwomba kijana ajirekebishe. Iliondoa bidhaa dukani. Vyuo havina mamlaka hayo, lakini vinajua tarehe ambayo bumu litaingia. Wiki hiyo ndiyo ya kuweka mechi za usiku, kufungua maktaba hadi usiku wa manane, na kuongeza muuguzi wa zamu. Vinaweza pia kukaa na serikali ya mtaa kuhusu saa za kufunga baa zilizo karibu na hosteli, jambo ambalo leseni zenyewe zinaligusa.

Na serikali za wanafunzi, ambazo viongozi wake wamo humu ukumbini, ziamue leo kama sherehe ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza itaendelea kupokea udhamini wa kampuni za bia. Najua bajeti zenu. Ndiyo maana nimeanza na gharama ya fulana.